Pilau ya Faini

Jumapili. Mvua ya alfajiri imekatika, ziwa limetulia, na magoti yananiuma.

Leo nimepika pilau ya kijiji kizima peke yangu. Mbuzi wawili! Hakuna aliyenimenyea hata kitunguu, maana faini ya huku ndivyo ilivyo: unapika mwenyewe, unapakua mwenyewe, kisha unampigia magoti kila mtu na sahani mkononi. Mimi, binti wa Mombasa, ambaye hata mama mkwe sikuwahi kumpigia magoti. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa na changu mvunguni. Nataka kuuza hoteli hii niende zangu kwetu.

Nimechoka kukaa hapa. Nimechoka, nimechoka.

Hoteli tuliijenga mimi na mume wangu Salim. Alikuwa dereva wa lori, akaleta mzigo huku Geita, akaona mchanga wa ufuko huu, akapagawa. Aliniambia watu wa pamba na watu wa madini wote wanapita hapa na hawana pa kulaza ubavu. Basi tukahama na vyombo vyetu, tukajenga vyumba vitano vya matofali ya udongo, bati juu. Tukapaka jina zuri ukutani, ambalo hakuna aliyejisumbua kulisoma. Wenyeji wanapaita Kwa Waswahili, basi.

Wageni walikuja, sisemi uongo. Kisha Salim akaenda Mombasa kununua magodoro na kumwona Zuhura, mtoto wetu, anayesoma huko kwa bibi yake. Akiwa huko huko, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Meli ya Kisumu haiji tena. Yeye yuko kwetu na magodoro, mimi niko ugenini na vitanda vya kamba.

Amenitumia neno kwa dereva mmoja aliyezungukia Uganda. Niuze kwanza, anasema, maana kila tulichokuwa nacho kimo ndani ya kuta hizi, halafu nipite njia hiyo hiyo ya kuzunguka. Rahisi kusema ukiwa umekaa kwa mama yako unakula mahamri. Nani atanunua hoteli ya mtu aliyetengwa?

Ndiyo. Nimetengwa.

Mpishi wangu, Mama Kulwa, alifiwa na baba mkwe wake. Siku hiyo vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Nikampa ruhusa, nikampa na bahasha ya rambirambi, tena bahasha nene, wallahi, nikarudi kukaanga samaki wa wageni. Kwetu mjini ningesifiwa. Kumbe huku kuna nzengo, umoja wa majirani, na nzengo haikutaka bahasha. Ilitaka nifunge mlango, nijitwike kuni, nibebe ndoo ya maji, nikeshe chini na wanawake wenzangu. Mama Kulwa alirudi siku moja tu, kuchukua kanga yake.

"Pesa haichoti maji, Mama Zuhura," akasema, akaenda zake.

Tangu hapo hakuna aliyeniamkia. Napita njiani nasema "Mwadila", salamu yao ya jioni niliyojifunza kwa shida, na watu wananiangalia kama hewa. Maziwa siuziwi. Samaki siuziwi, na ziwa liko mlangoni! Watoto wakiniona wanakimbia kwa mama zao. Nachota maji mwenyewe, nafua mashuka mwenyewe, wageni wakiuliza kitoweo nawapa maharage. Nimefika mahali pa kumwambia jogoo habari za asubuhi, na jogoo angalau anajibu.

Nyumbani siwezi kwenda, hapa siwezi kuishi. Kuna siku nilikaa ufukweni nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Ndipo akapatikana mnunuzi. Mzee mmoja wa Shinyanga, amestaafu kazi ya almasi kule upande wa Songwa, anataka kumalizia uzee wake karibu na maji. Anakuja Jumanne kupaangalia. Nikajua akikuta hapa hapaingii hata mchota maji, atageuza njia ile ile aliyojia. Kwa hiyo nikaenda kwa Mzee Luhende, mkubwa wa nzengo, nikaomba radhi. Nikasema nataka kuishi na watu. Habari ya mnunuzi nikaimeza.

Walikubali upesi mno, wakanitoza faini hii ya pilau. Nilikuwa nimesikia kwamba nzengo humwacha mtu hata msimu mzima akome. Nikajiambia, binti weye una ulimi mtamu.

Leo wamekula kimya. Vijiko tu ndivyo vilivyosikika. Mzee Luhende alipomaliza akanawa mikono, akajifuta taratibu, akanitazama usoni.

"Mwadila, Mama Zuhura."

Ee Mola wangu. Kisha wote kwa pamoja, wanawake, wanaume, hadi watoto. Nililia makamasi yakaingia kwenye leso, na wanawake wakanicheka vizuri, wakisema pilau imezidi pilipili mpaka mpishi analia.

Baadaye Mama Kulwa akaingia jikoni bila kuitwa, akakunja kanga, akaanza kusugua sufuria. Sufuria zangu, na mahali pake pa zamani.

"Yule mzee wa Shinyanga anakuja asubuhi au mchana?" akauliza.

Nikataka kukana, akanizuia kwa mkono wenye masizi.

"Tunajua siku nyingi. Wengine walisema tukuache hivyo hivyo, asinunue, usiondoke. Mimi nikasema huyu ana mtoto ng'ambo. Nikawaambia wakutoze sasa hivi, upesi. Mtu haondoki kwetu ametengwa. Anaondoka ameagwa."

Yeye. Aliyefiwa. Ambaye msiba wake niliulipia kwa bahasha.

Akaendelea kusugua. Akasema Jumanne atakuja mapema ampikie huyo mgeni chapati, maana za kwangu ni ngumu na zitashusha bei.

Wameshaondoka wote. Walipokuwa wamenigeuzia kisogo ilikuwa rahisi. Nilikuwa nawachukia, na chuki ilinipa nguvu ya kuhesabu siku. Sasa nitamchukia nani?

Nimeshusha sanduku kutoka juu ya kabati. Nimetia magauni mawili, nimeyatoa, nimeyatia tena. Sasa yako kitandani, nami nimekaa pembeni yake.

Zuhura mwanangu, njia imefunguka. Mbona mama yako hafungi mzigo?