Unga Juu ya Injini Yako

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya motokaa yako, hapa nyumbani Kabuchai, nikingoja injini ipoe. Mikono yangu imejaa oili, kwa hiyo uniwie radhi kwa hizi alama za vidole.

Nekesa, mke wangu, ni mjamzito. Wewe hukujua, sisi wenyewe tulijua wiki tatu baada ya kukuzika. Wale wawili wa kwanza walitufia humu humu nyumbani, wakizaliwa, na wewe ndiye uliyenishika mkono mara zote mbili. Safari hii dresa anayetibu pale zahanati ya Bungoma alisema kwa ukali kwamba lazima azalie Kitale, aliko daktari wa kupasua. Basi la kwenda Kitale hupita asubuhi tu, na uchungu hauchagui saa. Imebaki motokaa yako, na naogopa, Baba.

Kuvuja kwake oili ni kosa letu. Ulipokufa, Baba Mdogo alisema, "Gari ya marehemu haiguswi mpaka nguo zigawanywe." Nani angembishia? Tukaiacha bandani miezi saba. Hata kuiwasha tuliogopa, utadhani ungesikia mlio ukatoka kuuliza ni nani. Nguo zikagawanywa. Baba Mdogo akapewa kofia yako ya kijivu, mimi nikapewa motokaa na boksi tupu la hiyo kofia. Nilinuna, nakiri. Nikaiwasha, na kesho yake chini kulikuwa na dimbwi jeusi, kuku wameshalikanyaga. Gasketi, zile karatasi za kuziba maungio ya injini, zilikuwa zimekauka zikikungoja.

Nikaanza kuitengeneza mbio mbio, vile ulivyonikataza siku zote. Niliona oili inadondoka kutoka bakuli la chini la injini, basi nikalifungua hilo bakuli, nikakata gasketi mpya kwa katoni ya sabuni. Siku mbili nimelala chali kwenye matope. Nikawasha. Ikadondoka vile vile. Nililia huko chini, mwanamume mzima, Nekesa akidhani nimeangukiwa.

Mama ndiye aliyekuja na kopo la unga. Aliliweka juu ya boneti. Ndipo nikakukumbuka ukipangusa injini kwa mafuta ya taa na kuinyunyizia unga wa mahindi, naye Mama akipiga kelele, "Ati sasa motokaa nayo inakula ugali!" Nawe ukimjibu, "Oili ni kama maji ya mlima, bana. Ukiiona hapa chini, si lazima imetoka hapa." Nikapangusa, nikanyunyiza, nikawasha. Mstari mweusi ukaanzia juu kabisa, nyuma ya kifuniko cha vali, ukateremka hadi kwenye bakuli. Siku mbili nilikuwa namkanda mguu mtu anayeumwa kichwa!

Katoni ilikuwa imekwisha. Kadibodi nyingine nzito nyumbani ilikuwa lile boksi la kofia yako. Nikalifungua, nikanusa ndani. Bado ni wewe, Baba. Nikaogopa kulikata. Kisha nikalikata. Nikalaza kipande juu ya mdomo wa kifuniko, nikagonga kingo polepole kwa nyundo ndogo mpaka umbo likajichora, nikakikata kwa wembe na kukiloweka kwenye oili. "Kaza kwa vidole, si kwa hasira," ulikuwa ukiniambia, na kila mara nilikuwa nakaza kwa hasira. Safari hii nilikaza kwa vidole.

Leo asubuhi nimeiendesha mpaka Bungoma na kurudi, unga ukiwa juu yake. Umebaki mweupe, isipokuwa doa moja kwenye kona ya nyuma, dogo kama punje ya wimbi. Nimeikaza bolti ya pale robo mzunguko. Sijui kama ni oili mpya au ni ile ya zamani ambayo sikuipangusa vizuri. Ungekuwepo ungeigusa kwa kidole, ungeinusa, ungejua. Mimi naitazama tu.

Tangu niliporudi adhuhuri hii, Nekesa ameanza kushika kiuno. Mkoba uko tayari. Mama amevaa viatu vyake vya kanisani na ameketi mlangoni.

Kwaheri, Baba. Pale daraja la Kamukuywa, ulipokuwa ukisimama kila safari nasi tukikucheka, nitasimama. Nitafungua boneti na kupima oili kwa kijiti, hata Nekesa akilia, hata Mama akinigombeza. Nakuahidi. Na tukirudi tuko wanne garini, nitapitia kaburini kwako kwanza, kabla ya kufika mlangoni.

Nekesa ananiita. Anauliza kama unga bado ni mweupe. Nimemjibu ndiyo, mweupe kabisa.

Baba, usiniache niwe mwongo.

Mwanao,
Wafula