Ndama Asiyelala Kwangu

Garsen,
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwako Da Rukia, dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, ila miguu imevimba kidogo kwa kusimama jikoni, na hiyo si habari mpya kwako. Natumai barua hii itakukuta umekaa vizuri, goti limetulia, na ile dawa ya kuchua niliyokuletea hujamgawia mtu. Vipi shemeji Bakari, bado anagombana na redio? Na huko Kisauni mvua zimeanza, au ni mawingu ya kutupa tamaa tu kama huku kwetu?

Utashangaa kuona barua na simu ninayo. Dada, nakupenda, lakini kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe ushasema kumi, na mwisho naikata nikiwa nimekubali jambo ambalo sikulikubali. Ndivyo ilivyokuwa juzi. Nilijikuta nimeambiwa kwamba Jumamosi utampakia mtoto wa paka kwenye basi la Garsen, ndani ya kikapu, na kondakta ameshaelewana nawe. Basi barua hii nampa mwalimu mmoja, mteja wangu, anayeshuka Mombasa keshokutwa, ikufikie kabla hicho kikapu hakijafungwa. Keti, vaa miwani, uisome mpaka mwisho.

Siku ile ulisema mambo mawili. La kwanza, kwamba mtu anayeishi peke yake bila hata paka ataanza kuzungumza na sufuria. Hilo ni kweli, nazungumza nazo, na zinanisikiliza kuliko unavyonisikiliza wewe. La pili ulisema tangu Athumani afariki nimekuwa jiwe, sitaki kiumbe chochote kinisogelee. Hilo liliniuma. Nimezunguka nalo jikoni siku mbili nikiunguza mahamri.

Kwanza nikupe habari zangu, maana najua unanifikiria nimekaa gizani nalia. Mkahawa unakwenda vizuri. Asubuhi ni chai, mahamri na mbaazi, na kufikia saa nne sina kitu kwenye beseni. Ndizi na maembe yanakuja kutoka kijiji cha Wema, yananifikia yangali na umande. Ijumaa nafunga. Nikitaka kulala nalala, nikitaka kwenda Kipini kula samaki nafunga mlango nakwenda, na hakuna wa kuniuliza nitarudi saa ngapi. Dada, tangu nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, palikuwa na mtu nyumbani anayeningoja nimlishe. Alikuwa mama, kisha akawa Athumani. Sikuwalalamikia na silalamiki sasa, Mungu awarehemu. Lakini huu ufunguo wangu mmoja mkononi naupenda, na sioni haya kuusema.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Maziwa yangu ya chai ananiletea mama mmoja wa Kiorma, wafugaji wa ng'ombe wa huku, anaitwa Mama Habiba. Anakuja kila asubuhi na madumu yake nyuma ya bodaboda, amejifunga buibui vizuri, hana maneno mengi. Maziwa yake hayajui maji. Sasa ni kiangazi, nyasi za mbali zimekwisha, na wafugaji wamesogea na mifugo yao karibu na mto. Ijumaa moja akaniambia twende nikawaone ng'ombe ninaowanywa kila siku. Nikajipaka wanja, nikavaa leso mpya, nikaenda kama naenda harusini.

Tuliwakuta ng'ombe wanapandisha kutoka malka, ile njia wanayoshukia mtoni kunywa maji. Vumbi limetanda, kengele zinalia, na mume wa Mama Habiba yuko mbele anawaita kwa majina yao. Katika wale ndama palikuwa na mmoja mweupe, masikio ya hudhurungi, miguu mirefu isiyojua iende wapi. Akaja moja kwa moja akaanza kunyonya pindo la leso yangu, nadhani kwa ile chumvi ya jikoni. Nikacheka. Nawe unatujua sisi, mtu ukienda kwake lazima umsifie kitu, hata pazia. Nikasema kwa sauti, "Jamani, huyu mzuri, huyu nimempenda mimi." Nikarudia tena nikimpapasa shingo.

Mama Habiba akamwita mumewe, wakazungumza Kiorma, maneno machache tu. Yule bwana akaja akamshika ndama sikio, akanitazama, akasema, "Sasa ni yako."

Nilidhani mzaha. Nikasema asante, nikacheka tena. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo Mama Habiba akanieleza kwamba kwao mgeni akimpenda mnyama na kumsifu kwa mdomo wake, hawamwachi huyo mnyama na jicho la mtu juu yake. Wanampa mgeni, na maneno yameisha. Hebu fikiria, dada. Mimi ninayekataa hata paka wa kulala juu ya mto wa kitanda, nimejitafutia ng'ombe kwa mdomo wangu.

Nilirudi nyumbani nikaanza kupima uwa wa nyuma ya nyumba. Nikahamisha kuni ili nimpatie ndama pa kulala. Nikamuuliza jirani yangu fundi cherehani majani ya ng'ombe yanapatikana wapi, akacheka mpaka akachomwa na sindano. Kila nikisikia bodaboda nadhani analetwa. Nikawaza, nikitaka kwenda Kipini nitamwachia nani? Maji ya mto yakija tena kama mara ile, nitampakia wapi? Mara ile ya mafuriko tulipohamia kwenye barabara ya lami iliyoinuka, mimi nilikuwa na begi na sufuria zangu, nikapanda lori la kwanza. Huyu huyu fundi alibaki chini amekumbatia boksi lenye paka wake pamoja na watoto wanne wa paka huyo, analia, maana mwenye lori alisema ni watu tu. Alifika jioni kwa miguu, amelowa. Niliyaona kwa macho yangu, dada.

Basi Jumatatu asubuhi, Mama Habiba alipokuwa ananimiminia maziwa, nikamwambia kwa adabu zote kwamba zawadi nimeiona na nimeshukuru, lakini ndama sitaweza kumchukua, wamrudishe kwao. Alifunga dumu, akapanda bodaboda, akaenda zake. Asubuhi iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Nikapika chai kwa maziwa ya pakiti, na wateja wakanitazama kama nimewauzia maji ya kuoshea vyombo. Lakini nisikudanganye, si chai iliyoniuma. Katika mji huu wote, yule ndiye mtu anayeniona asubuhi akajua nimeamkaje. Nilimkosa.

Nikafunga mkahawa mapema nikaenda kwake. Nilimkuta anafukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi, hakuinua kichwa. Nikakaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya hekima, yote yakanitoka. Nikamweleza ukweli, na sasa nakueleza wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kwanza.

Nilimweleza habari ya Shombe. Unamkumbuka Shombe, yule paka mweusi wa Athumani aliyekuwa akilala miguuni pake miaka yote ya ugonjwa. Usichokijua ni yale ya baada ya arobaini, nyote mliporudi makwenu. Kila alasiri, ule wakati ambao Athumani alikuwa akirudi kutoka msikitini siku za uzima wake, Shombe alikuwa anakaa kizingitini anaitazama njia. Mimi nilijua haji. Yeye hakujua, na sikuwa na namna ya kumwambia. Mtu ungemkalisha mkalia pamoja. Paka utamwambia nini? Nampikia dagaa, anakula, anarudi kizingitini. Nilimpita pale kila siku nikiingia na kutoka, mpaka naye akafa, amejikunja pale pale. Nikasema basi, sitaki tena kiumbe aningoje, na mimi sitaki kungoja na kiumbe. Si kwamba siwapendi. Ng'ombe wa watu wakipita nasimama mlangoni kuwatazama. Paka wa fundi anakuja kwangu kuomba vichwa vya samaki, nampa, namkuna kichwa, na jioni anarudi kwao. Hapo ndipo mapenzi yangu yanapokomea. Mtu asiyetaka mnyama nyumbani huenda anajua vizuri sana mnyama ni nini, dada.

Mama Habiba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka kibuyu chini akauliza, "Nani alisema hiyo ndama inakuja kwako?"

Nikasema, si mmenipa?

"Tumekupa. Ni yako. Lakini kwako itakula nini, mahamri? Itamlilia mama yake mpaka kufa." Akacheka, mara ya kwanza nimemsikia akicheka. "Inabaki na sisi. Mvua ikinyesha tunahama, na yeye anahama na sisi. Ikizaa, tunakuambia. Ikikufa, tunakuambia. Wewe kazi yako ni moja tu. Asubuhi nikikuja na maziwa, uliza. Yuko aje? Wewe ukikosa kuuliza, hapo ndio umekataa zawadi."

Kumbe kilichomuudhi hakikuwa uwa wangu mdogo wala Kipini yangu. Kwao zawadi ile ni kamba ya kutufunga sisi wawili, yeye na mimi, na ndama ni fundo tu. Kumwambia amrudishe ndama ilikuwa kumwambia tusijuane. Nilimshika mikono yake yenye masizi nikalia kidogo, akaniacha nilie, akanipa chai ya maziwa iliyonukia moshi.

Kesho yake alikuja. Kabla hajashuka kwenye bodaboda nikamuuliza, "Yuko aje?" Akanijibu ameanza kula nyasi na anawapiga wenzake kwa kichwa. Tangu siku hiyo nauliza kila asubuhi. Nimeambiwa aliingiwa na kupe, wametolewa. Nimeambiwa kwato moja imechubuka, imepona. Juzi Mama Habiba akaniambia mvua ikishuka tu wataondoka, na sitamwona mpaka kiangazi kingine, na mwanawe atakuwa akinipigia simu kunipa habari. Nimehuzunika, na nimefurahi. Kuni zangu nimezirudisha mahali pake.

Kwa hiyo, Da Rukia, jibu langu ni hili, na usiruke mstari. Huyo mtoto wa paka nimempokea, na namshukuru aliyenipa. Kuanzia leo ni wangu. Lakini kwangu haji. Mtoe kwenye kikapu, mwambie kondakta abebe mizigo mingine. Atalala kwako, atakula kwako, na akichafua zulia la shemeji Bakari, shemeji amgombeze kwa adabu akijua ni mali ya mtu. Nami nitakuuliza habari zake kila wiki bila kukosa, na wewe utanijibu. Wakati mwingine, dada, tunamaliza wiki tatu hatujasemezana kwa sababu hakuna kati yetu mwenye neno la kuanzia. Sasa tunalo.

Na lile neno jiwe, nimekusamehe. Ulikuwa unaniogopea, najua. Usiogope. Nimeshiba, nimetulia, na nina ng'ombe.

Nisalimie shemeji Bakari, na mwanao Saidi akirudi kutoka chuoni umwambie mama yake mdogo anamuombea. Msalimie bi mkubwa wa nyumbani kwenu, mama mkwe wako, umwambie viungo vya pilau alivyonipa vimenijengea jina Garsen nzima. Jirani yako mwenye duka pia, mpe mkono wangu.

Na huyo paka wangu, yuko aje?

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura