Povu la Mama Zuhura

Jumamosi, usiku

Nani kasema mimi mzee? Wiki nzima mashine ya kufulia inavuja, maji yanamshukia Mangi, mwenye nyumba, kwenye duka lake la vitenge hapo chini. Leo asubuhi kapanda: "Shikamoo mzee. Ikivuja tena, inatoka."

Mgongo wa mke wangu, Mama Zuhura, hauwezi tena kuinamia beseni.

Mpira wa maji nilishabadilisha, bure. Leo nikakausha sakafu, nikatandika magazeti, nikaiwasha tupu. Makavu! Mama Zuhura akaweka nguo, akatia kikombe kizima cha sabuni ya kufulia kwa mkono. Povu likafurika kwenye kidroo cha sabuni, likamwagika.

"Mama Zuhura, unafua au unaogesha tembo?"

"Bila povu nguo zitatakata, we mzee?"

Tukatia kijiko kimoja tu. Pakavu kama Dodoma!

Mangi kaja kukagua, nikamwambia nimeifungua mashine yote, skrubu kwa skrubu, macho nimefumba. Kacheka mpaka kakaa chini. Ya kikombe sikuyataja.

Ndiyo maana Mama Zuhura kaniletea chai ya jioni pamoja na kashata.