Faili Safi Kupita Kiasi

Jumatatu, 3 Machi

Simu imenikurupusha saa kumi alfajiri. Ujumbe: printa ya parokiani. Nani anatengeneza printa alfajiri? Kosa langu. Niliandika 4 nikimaanisha saa nne asubuhi, programu ikasoma kizungu. Si mara ya kwanza. Nimeifundisha: saa za asubuhi, ongeza sita. Jioni bado inachanganya. Nitaona.

Kila kitu changu kiko kwenye faili moja la maandishi matupu. Hakuna picha, hakuna vitufe. Mstari mmoja, kazi moja, na jina la mhusika likitanguliwa na alama ya @. Faili liko kwenye kompyuta hapa dukani na kwenye simu, na programu niliyoiandika mwenyewe inapanga mistari na kupiga kengele. Mafundi wenzangu wa kompyuta hapa Mwisenge wanacheka. Wacheke. Mimi ni msahaulifu wa kutupwa. Bila faili hili ningeshafunga duka.

Mstari wa juu kabisa: kumfuata @nyangeta Kibara, Jumatatu ijayo. Dada yangu. Mimba ya pili. Ya kwanza iliishia kwenye upasuaji na yeye akaponea chupuchupu, na daktari alimwambia safari hii asisubiri uchungu akiwa kule. Shemeji yuko visiwani na dagaa. Mama yuko Buswahili, analea mtoto wa kwanza wa Nyangeta na anachunga ng'ombe, hawezi kutoka. Nimemwahidi nitamleta Nyangeta akae kwangu mpaka ajifungue. Chini ya huo kuna mistari mingine yake: miadi ya kliniki, neti, godoro la kuazima.

Jumatano, 5 Machi

Leo sikutengeneza chochote cha mteja. Nimetengeneza cha kwangu.

Kulikuwa na kero. Mteja mmoja anaweza kuwa na mistari mitano: fungua, safisha, agiza kioo, mpigie, mpe. Akichukua mashine yake lazima nifute mmoja mmoja. Sasa naandika tu "tayari @fulani" na mistari yake yote inafungwa kwa mkupuo. Nimejaribu kwa mwalimu wa kompyuta aliyekuja kuchukua kibodi. Ikakubali mara ya kwanza!

Nimemwonyesha Mama Neema anayeuza chapati mlango wa pili. Akaangalia maandishi meupe kwenye giza, akaniuliza kama mashine imeharibika. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikuwa nyuma ya bodaboda, nimebeba kompyuta ya mtu mgongoni, mama akapiga. Ng'ombe kazaa. Ndama jike, kasimama, ananyonya. Mama alikuwa anacheka peke yake kwenye simu.

Ng'ombe huyo alikuja na mahari ya dada. Kwetu mama ana desturi yake, aliirithi kwa bibi: ng'ombe wa mahari anaitwa jina la binti aliyemleta, mpaka afe. Kwa hiyo zizini kuna Nyangeta, na akipiga teke ndoo mama anamgombeza kwa jina hilo hilo, hata dada akiwepo. Nilikuwa na mistari ya huyo ng'ombe: chumvi ya mawe, dawa ya kupe, kuuliza kama kazaa. Nikafunga yote hapo hapo kwenye simu kwa kidole gumba, bodaboda ikiruka matuta. Raha sana.

Jumapili, 9 Machi

Misa. Nyumbani. Faili lina mistari michache tu. Sijawahi kuliona safi hivi.

Sina raha. Sijui kwa nini. Nimebadilisha rangi: nyekundu kwa haraka, kijani kwa baadaye. Hakuna hata mmoja mwekundu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu jana. Wateja hakuna. Ningetakiwa kufurahi.

Kuna kitu nimesahau. Kila nikifungua faili halinionyeshi kitu. Nimeandika amri ya kutafuta kazi zilizopitwa na tarehe. Jibu: hakuna. Nimeiendesha tena. Hakuna. Nimekagua kama simu na kompyuta zinalingana. Zinalingana, herufi kwa herufi. Nikahamisha faili zima kwenye folda mpya, labda folda ndiyo mbovu. Ujinga mtupu.

Nimemfokea mtu aliyekuja kuuliza bei ya chaja. Mama Neema akasema siku hizi naongea na kioo kuliko watu, na kwamba nikaoe. Nikamfokea na yeye. Chapati sikupewa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi hospitalini, Bunda.

Asubuhi mama alipiga. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, dada yako anakulaga vizuri huko kwako?"

Nadhani nilisema haloo mara mbili. Akaniuliza tena. Nikasema nitampigia, nikakata simu ya mama yangu.

Nyangeta alipokea mlio wa kwanza. "Nilikuwaga nakusubiri tangu Jumatatu, kaka. Nikasema labda una kazi nyingi." Halafu nikasikia anavyovuta pumzi. Uchungu ulikuwa umeanza usiku. Alikuwa hataki kunisumbua. Hataki kunisumbua!

Nikamwambia asitafute mkunga, asinisubiri mimi, atafute gari lolote linalokwenda Bunda, nitalilipa nikifika. Jirani yake akampata mtu mwenye gari dogo la kubeba samaki. Mimi nikaacha duka wazi. Mama Neema amelifunga, kaniambia baadaye, wala hakukumbushia maneno ya juzi. Njiani nilikuwa napiga simu ya dada na haipatikani. Mvua, matope, haipatikani. Hapo ndipo nilipofungua orodha ya mistari iliyofungwa na kuona. Mistari yote ya @nyangeta imefungwa siku moja, dakika moja. Chumvi ya mawe, dawa ya kupe, kliniki, neti, kumfuata Kibara. Nilipoandika tayari @nyangeta kwa ng'ombe, nilimfuta dada yangu.

Programu haikukosea hata kidogo. Ilifanya nilichoiambia.

Gari la samaki lilikwama kwenye tope, watu wakalisukuma. Nimewakuta wameshafika. Alikuwa ananuka dagaa na jasho, kanishika kidole, kakiminya. Wamempeleka chumba cha upasuaji. Wamenitoa damu ya kumwongezea. Naogopa. Sina cha kutengeneza hapa. Nimefungua simu na kuifunga sijui mara ngapi.

Ijumaa, 14 Machi

Wako hai wote wawili. Msichana. Analia kwa nguvu.

Nyangeta alipoteza damu nyingi. Nesi anasema wangechelewa kidogo tu, na hakumaliza sentensi.

Mama kafika kutoka Buswahili na mjukuu mgongoni na chupa ya maziwa. Nimemweleza yote: alama, jina, ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimekula. Hajanigombeza. Ningependa anigombeze.

Jumapili, 23 Machi

Nyangeta yuko kwangu Mwisenge. Kachukua kitanda, mimi niko chini kwenye godoro, lile lile la kuazima. Mama amerudi jana, maziwa yanamngoja. Shemeji kaja, kakaa, karudi ziwani. Nilimweleza na yeye. Akaomba amshike mtoto.

Asubuhi nimefuta ile amri ya kufunga kwa mkupuo. Kila mstari nitaufunga kwa mkono, hata iwe kero. Ng'ombe nimemwandika ng'ombe. Dada hana alama tena.

Nilipomsimulia dada kuhusu Nyangeta wawili alicheka mpaka akashika mshono. Kisha akageukia ukutani na kulia, kimya kimya. Nikakaa pale. Baadaye akaniomba uji.

Jioni nikafungua faili na kuandika mstari mmoja: kumrudisha dada Kibara. Programu ikadai tarehe. Nikamuuliza toka mlango wa chumba, lini? Akajibu akiwa ananyonyesha, "Mtoto akianzaga kulala usiku, kaka."

Nikaandika hivyo hivyo, maneno yake. Programu imekataa, inasema hiyo si tarehe. Nimeacha mstari ukae hapo juu, mwekundu, bila kengele. Mtoto ameamka. Naenda kumbeba, mama yake apumzike.