Mpira wa Kuonyesha Askari

Kalemie, Jumapili. Nilitoka nyumbani Kabalo mvua za kwanza zikinyesha, na sasa vumbi limerudi.

Leo askari wa lango la bandari, hapa ninapobeba magunia, amefungua mfuko wangu akaiona mashine. Zamani ilikuwa ya kuchezea michezo tu, ya kushika mkononi. Papa Selemani, fundi wa redio, amenisaidia kuiunganisha na klavye ndogo ya kubonyezea herufi na kuitilia kifuniko chenye bawaba za sanduku. Nampelekea mke wangu, Feza, aandikie. Mashine yake ya taipu ya kupigia watu barua iliporwa vita ilipofika mtaani kwetu.

Askari amefoka: "Hii njo redio ya kuitana! Unaongeaka na waasi?"

Nimebonyeza kitufe. Mchezo wa mpira umetokea. Askari amecheza, amefungwa mabao, amecheka. "Papa muzima na michezo ya batoto! Pita."

Basi jioni Papa Selemani ameichukua kuimalizia, akanirudishia kwa furaha: "Nimefuta ule mupira. Sasa ikiwaka, inaleta ukurasa wa kuandika."

Nimeiwasha, nikaona weupe mtupu. Kule Niemba, njiani kwenda nyumbani, askari wanashusha watu wote kwenye treni. Wakikuta nyaya na ukurasa mtupu, nitawaonyesha nini? Nilipokuwa nakuja huku walimbakiza mtu na redio yake, na sisi wengine tukaondoka bila yeye...

Kesho nitamwomba aurudishe mpira, hata kama mashine itaandika polepole. Feza atavumilia herufi zinazochelewa.

Treni inatoka Alhamisi. Ijumaa nitakuwa nyumbani, kama askari wa Niemba naye anapenda mpira.