Ua la Kwetu Bado Linalia

Ajwang' nyathina, mtoto wa tumbo langu,

Nimeketi kwenye kiti cha plastiki ambacho watu wa hema walisahau kuchukua, na miguu yangu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nimechoka. Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu, kwa sababu barua hii nataka na wengine waisome, hata wale wenye maduka pale Mbita ambao Dholuo hawajui, ili waelewe ni mtoto wa aina gani nilizaa. Mimi niliishia darasa la saba. Mwandiko wangu unaujua, unapanda mlima na kushuka. Lakini aliyekuzaa ni mimi, si hao maprofesa.

Unakumbuka ile siku Karungu, kwa mama yangu? Ulikuwa mdogo, meno ya mbele hayapo. Mvua ilikuwa imenyesha, na kando ya njia ya kwenda ziwani yakawa yametoka yale maua ambayo sisi wote tulikuwa tunayaita maua ya mvua, basi. Ukachuchumaa hapo. Mimi nina mzigo kichwani, nakuita, huji. Halafu ukasema, "Mama, hili si la kwetu." Nikakuambia ua ni ua, twende. Ukakataa. "La kwetu ni jeupe lote. Hili lina mistari myekundu, na jani lake linakwaruza. La kwetu halikwaruzi."

Nikashusha mzigo nikaangalia. Mimi nimezaliwa Karungu nikaolewa Mfangano, nimepita kando ya maua hayo mawili maisha yangu yote, na sikuwa nimeona. Niliporudi kisiwani nikawaambia wanawake tunaoanika omena, dagaa wa ziwani, pamoja kwamba mtoto wangu ana macho ya mdiria, anamwona samaki kabla samaki hajajiona. Wakaniambia, Roselida, wewe nawe. Nikawaambia mtaona.

Na wakaona. Ulipokuwa unasoma Rongo ulikuja likizo na zile mbao zako mbili za kubania maua, mikanda yake, na rundo la magazeti ya zamani, tukazunguka visiwa mimi na wewe. Wewe unachimba, mimi nauza omena yangu pole pole. Nikifikiria ile siku ya Takawiri nacheka hata sasa, na leo sina nguvu ya kucheka. Ulikuwa umepiga magoti karibu na lango la watu, unafukua kitunguu cha ua, na mwenye boma akatoka na fimbo yake.

"Wewe msichana, hapo unazika ama unafukua?"

"Nafukua, baba."

"Nani alizika?"

Maana kwetu mtu akionekana anachimbachimba penye lango la wengine hatusemi ni msomi. Tunasema ni mchawi, amekuja kuweka kitu ama kuchukua alichoweka. Nikaingia katikati na beseni langu kichwani. "Mzee, huyu ni binti yangu. Anasoma chuo kikuu. Atakuwa daktari wa maua."

Mke wake akacheka huko jikoni. "Daktari wa maua! Kwani maua huugua nini? Malaria?"

"Yanaugua kutojulikana," ukamjibu, na heshima zote, na udongo mpaka kwenye kiwiko. Yule mama akatoka kukuangalia vizuri. Tulipoondoka pale, kitunguu chetu kilikuwa kimechimbwa na jembe la mzee mwenyewe, na tumekunywa uji.

Jioni tulikuwa tunabadilisha magazeti ili maua yasioze, wewe unainua karatasi, mimi natandaza nyingine. Vitunguu ulivipasua katikati kwa sababu kizima hakilali. Mchana tukaziweka zile mbao juani, kando ya nyavu zangu za omena. Halafu yule profesa wako akakupigia simu kuuliza kwa nini sampuli zako zinanuka samaki. "Ni mama yangu, Profesa," ukasema, "anauza omena." Mpaka leo nawaambia watu harufu yangu ilifika kwenye makabati ya wazungu, yale ya kuhifadhi maua makavu, kabla mguu wangu haujavuka Homa Bay.

Hapo ndipo uliponikalisha chini ukanieleza. Kwamba haya tuliyokuwa tunayaita maua ya mvua si jamii moja. Kwamba lile la Karungu lenye mistari linajulikana, lina jina lake kwenye vitabu, na lile la kwenye majimaji ya Rusinga nalo lina lake. Lakini hili letu jeupe, yungiyungi la kwenye miamba nyuma ya nyumba ya Dani, bibi yako mzaa baba, linalofunguka jua likizama na kunukia mpaka mtu anageuka, hili hukulipata kwenye kabati lolote. Watu walilipita tu kwa sababu wenzake wanafanana nalo. Ukasema, "Mama, likikubaliwa kwamba ni jipya, nitaliita kwa jina lako."

Nyathina, ulinipa kitu cha kusema! Nilisema sokoni, nikasema kanisani wakati wa shukrani mpaka mchungaji akaangalia saa. Wakaanza kuniita Mama Maua. Ni bibi yako peke yake aliyekataa kufurahi. Alikuwa ameketi kwenye jiwe lake pale miambani, akaning'oa kwa maneno kama mtu anang'oa gugu.

"Roselida ndilo jina la ua? Mtu ambaye bado anakula ugali? Si afe kwanza."

Nikanuna. Lakini unajua alivyokuwa na mambo ya majina. Wewe mwenyewe ulipozaliwa ulilia, ukalia, nyonyo hutaki. Dani akakupakata, akaanza kukutajia wale waliotangulia, mmoja mmoja, kama mtu anajaribu funguo kwenye mlango. Alipofika kwa dada yake marehemu, Ajwang', ukanyamaza. Ukapiga chafya. Akasema, basi, mgeni amejitambulisha, nami tangu hapo nikawa Min Ajwang', mama wa Ajwang'. Kwa hivyo ulipomweleza kwamba ua lake halina jina, hakuona ajabu yoyote. Alisema tu, "Kumbe ndiyo maana kila mvua linatoka. Linalia."

Halafu ukaenda huko kwa wazungu, kwenye baridi. Ukatuma ujumbe kwamba picha hazitoshi, ua peke yake halitoshi, wale wanaokubali majina mapya wanataka na tunda lililokomaa, na mbegu, kutoka kwa mmea uleule. Bila tunda hawatakubali. Ukaniambia, mama, nakutegemea wewe. Nikasema hiyo ni kazi gani, mimi nimelea watoto.

Kazi ilikuwa Ouma. Baba yako mdogo alikuwa amepanga kujenga vyumba vya kukodisha walimu, na mahali alipochagua ni palepale kwenye miamba, kwa sababu msingi hauhitaji kwenda chini sana. Ardhi ni yake, sikatai. Nikamwendea ua likiwa limeshaanguka na tunda limeanza kuvimba, kijani, kama limau lenye mdomo.

"Shemeji, ngoja kidogo. Ngoja ua lizae."

"Min Ajwang', mimi ningoje ua lizae? Kwani lina mimba?"

"Lina mimba."

"Ya nani?"

Mafundi wake wakacheka mpaka mmoja akaketi juu ya mchanga. Ouma alipoona wanacheka akazidisha. "Nisimamishe nyumba kwa sababu ya majani? Kitu ambacho hata jina hakina?" Akasema Jumatatu wanaingia na majembe. Nikawa naenda pale kila siku kukaa, nafukuza mbuzi, naangalia lile shina likiinama kwa uzito. Kiuno changu kikakataa. Nilikuwa nachambua mboga nikiwa pale, nakunywa chai pale. Watu wakipita wananiuliza, Mama Maua, umekuwa askari? Nawaambia ndiyo, wa serikali ya mtoto wangu.

Na Jumapili, watu wakitoka kanisani, Dani akatuacha.

Kifua chake unakijua, kilikuwa kinamchosha siku nyingi. Siku zile za mwisho alikuwa anauliza mambo yako na ya ua kama vile ni kitu kimoja. "Ajwang' ameleta jina?" Nikasema bado, mama. "Mwambie asikawie. Mtoto asilie sana, atapoteza sauti." Hayo ndiyo maneno aliyonipa ya kwako. Kwenye simu sikuyasema kwa sababu ulikuwa unalia na mtandao unakatika.

Unajua mila. Maiti ikiwa haijazikwa hakuna jembe linaloinuliwa kijijini, na huyu alikuwa mama mzazi wa Ouma. Mafundi wakarudi makwao. Mwili ukavushwa kwenda Homa Bay kuhifadhiwa, tukangoja watu wa mbali, tukazika, na baada ya kuzika bado kuna siku za kukaa, hakuna anayegusa udongo. Mimi sisemi Dani alikufa kwa ajili ya ua. Alikufa kwa sababu alikuwa amezeeka na amechoka, kama mimi nitakavyozeeka. Nasema tu kwamba siku hizo zote tunda lilikuwa linanenepa, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa.

Watu waliniuliza. Hukuja, na Dani ndiye aliyekulea nikiwa kwenye omena. "Daktari wa maua yuko wapi?" Nikawajibu na kifua mbele, "Ana kazi kubwa ambayo nyinyi wote mkijumlishwa hamuiwezi." Halafu nikaenda nyuma ya jikoni nikaketi kwenye jiwe lake. Najua uliniambia karatasi zako za kukaa huko zilikuwa hazijatoka, kwamba ukitoka hutarudishwa. Nilielewa. Bado naelewa. Lakini nyathina, kujivunia mtu aliye mbali ni mzigo, na huu mzigo sina wa kunitua. Nimepika, nimeosha sufuria za watu wasiohesabika, nimejisifu mchana kutwa, na wageni walipoondoka nikagundua nyumba ya Dani haina moshi.

Tunda lilipasuka lenyewe baada ya hapo. Shina lilikuwa limelala chini kabisa. Nimefanya ulivyonifundisha: jani, shina na tunda moja viko kwenye magazeti, na safari hii nimeviweka mbali na omena. Picha nimepiga na rula kando yake. Mbegu ziko kwenye sahani ya bati ndani ya kabati la vyombo. Zinafanana na viazi vidogo vya kijani, na unajua zimefanya nini? Zimeota. Humo kabatini, bila udongo, bila tone la maji. Nimefungua nichukue kikombe, nikaona zimetoa mizizi kama vidole. Nikakaa chini nikalia, mimi ambaye kwa matanga sikulia vizuri kwa sababu ya kazi.

Juzi Ouma akaja. Amekonda. Akasimama pale miambani, kamba ya msingi mkononi.

"Min Ajwang', mwenye mimba amejifungua?"

"Amejifungua."

"Hao watoto wanafanana na nani?"

"Njoo uone."

Akaziangalia kwenye sahani, hakucheka. Akasema Mama alikuwa anapenda kukaa pale. Kamba ameisogeza upande, vyumba vya kwanza vitaacha ile kona ya mwamba. Lakini amesema vya pili vitakuja, na hapo hatanidanganya, majani ni majani. Nami hapo ndipo nilipofikiri, na nimefikiri siku zote hizi nikiwa na miguu kwenye beseni.

Ajwang', jina langu usiliweke. Najua nimelitangaza mpaka Sindo. Wataniuliza, na nitawajibu nitakavyoweza, mdomo wangu hauishiwi. Roselida hatamzuia Ouma hata dakika moja, ananijua, tumegombana kwa sababu ya kuku. Lakini liite Awino. Nani atainua jembe juu ya jina la mama yake? Na Dani mwenyewe hawezi kulalamika tena. Alisema mwenye jina afe kwanza, naye amekufa. Uandike hivyo huko kwenye vitabu vyao, Awino, kwa herufi zile zao zilizolala. Siku karatasi zako zikitoka uje mwenyewe, usimame kwenye mwamba jioni likifunguka, ulitajie. Tuone kama litanyamaza.

Mimi usinihurumie. Jina ninalo. Tangu ile siku ulipopiga chafya hakuna mtu kisiwani aliyeniita Roselida isipokuwa wa kunisema vibaya. Naitwa kwa jina lako, mchana na jioni, na wavuvi, na wazee, hata na huyo Ouma akiwa na hasira. Ua moja halitaniongezea kitu juu ya hapo.

Maji ya beseni yamepoa. Nenda ukale, uvae sweta mbili. Ninainuka sasa nikaangalie mbuzi.

Wako,

Min Ajwang', yaani mama yako