Wanataka Nitie Sahihi Rampu Nisiyoweza Kuipanda

Mpendwa Shangazi Ciku,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, kwa sababu watu wangu wote wa karibu wameshanigombeza na hakuna hata mmoja aliyenisikiliza.

Naitwa Nzilani, nina miaka thelathini na minane, naishi Kiuu hapa Ruiru na kila siku ya kazi naenda Thika ambako nashona sare za shule. Polio ilinipata kabla sijajua kutembea, kwa hivyo kiti cha magurudumu ndicho miguu yangu na sina kinyongo nacho. Kinyongo changu ni na stesheni yetu, ile ya zamani ya mawe, jina silitaji, ambayo ina ngazi tisa kutoka barabarani hadi platifomu, na kwa miaka sita sasa mimi hupandishwa hizo ngazi na wanaume wanne, yeyote aliyepo, mmoja anasema inua huku, mwingine anasema chunga ukuta, na hakuna anayeniuliza mimi niliyekaa hapo kama niko sawa. Mwezi wa nne kulikuwa na mvua, mmoja akateleza, nikaanguka, sketi ikapanda mpaka wapi sijui, watu wakatazama, treni ikaenda. Siku hiyo nilirudi nyumbani bila kulia hata kidogo. Nilikuwa na hasira tu.

Sasa Shangazi, tulipata habari kuna mfuko unaotoa ruzuku za kurekebisha stesheni za zamani ili watu wenye ulemavu wapite kama wengine, na stesheni yetu ikaamua kuomba. Makaratasi yanayotakiwa ni mengi ajabu, barua ya mwenye ardhi, barua ya kuonyesha jengo la zamani halitaharibiwa, picha za kila ngazi, michoro ya injinia, makadirio, na wakaajiri kijana mmoja anaitwa Ronny, mwenye tai na kompyuta, ayakusanye. Fomu ina kurasa ishirini na mbili. Ukurasa wa kumi na saba unataka ushahidi kwamba watu wenye ulemavu wameshauriwa, na lazima uwe na sahihi na muhuri wa kikundi chetu cha abiria. Katibu wa kikundi ni mimi, na muhuri nautunza mimi.

Ronny alinifuata kazini akaniwekea huo ukurasa juu ya cherehani.

"Madam, ni hapa tu. Sahihi, muhuri, nikuache uendelee na kazi."

Nikamwambia, "Lakini hujatushauri."

"Si ndiyo nakushauri sasa?"

Nikamwomba nione mchoro. Akasema mchoro si wangu, wangu ni ukurasa wa kumi na saba. Halafu simu yake ikalia, akatoka nje kuongea, na mimi nikafungua faili nikapiga picha mchoro wote kwa simu yangu. Hilo ni kosa langu la kwanza, lakini lingine ni kubwa zaidi.

Usiku huo mume wangu Mutie, ambaye ni fundi wa mbao, aliutazama ule mchoro akanisomea vipimo. Rampu, yaani njia ya mwinamo ya kupandia kiti, wameichora mita tano, na platifomu imeinuka mita moja na sentimita ishirini. Kesho yake akapanga mbao nyuma ya nyumba kwa mwinamo uleule, akazipigilia vizuri, nikajaribu kupanda. Nilifika katikati magurudumu ya mbele yakainuka, nikaanza kurudi kinyumenyume, na kama Mutie hangekuwa nyuma yangu leo ningekuandikia nikiwa hospitali. Tukajaribu tena yeye akinisukuma, naye ni mtu wa nguvu, akafika juu akihema na shati limelowa. Na mlango wa choo kwenye huo mchoro unafungukia ndani, yaani nikiingia siwezi kuufunga. Kwa Okello, mwenzetu asiyeona, hakuna kitu kabisa, hata mstari wa kuhisi kwa fimbo ajue platifomu inaishia wapi.

Nikampigia mwenyekiti wetu, Githae, anayetembea kwa magongo, nikidhani atakasirika nami. Kweli alikasirika, lakini alinikasirikia mimi.

"Nzilani, karatasi zote ziko sawa, ni yako tu imebaki! Unataka tukose kila kitu kwa sababu ya mwinamo? Nusu shari ni afadhali kuliko shari kamili."

Nikasema sitasaini. Akasema basi ataleta Ronny nyumbani kwangu jioni. Hapo ndipo nilipodanganya, Shangazi. Nilisema muhuri umepotea, nikasema uliniponyoka mkobani tulipoenda Kamakis kwa sherehe ya binamu yangu. Muhuri haujapotea, uko ndani ya mkebe wa unga. Nikajiona mjanja. Kumbe Githae ameenda kuagiza mwingine uchongwe, utakuwa tayari Jumatatu, na kwenye grupu ya simu ya kikundi ameandika kuwa "kuna mtu" anayezuia maendeleo, na watu ninaoabudu nao kanisani wananisalimu kwa kichwa tu. Fomu inafungwa Ijumaa ijayo. Hata mama yangu amenipigia kutoka Matuu ananiambia, mwanangu, tia sahihi, utaachwa peke yako.

Mimi sitaki kusaini uongo. Lakini pia nimesema uongo. Nifanye nini?

Nzilani,
Kiuu


SHANGAZI CIKU ANAJIBU

Nzilani, jibu hili nimekutumia kwa simu kabla halijachapwa, kwa sababu muhuri wa Jumatatu haungoji gazeti la Jumapili.

Kwanza pole kwa siku ile ya mvua. Hukustahili. Na hongera kwa zile mbao, kwa sababu katika habari hii yote wewe na mumeo ndio watu wa pekee mliopima kitu.

Sasa nikugombeze. Muhuri kwenye mkebe wa unga, Nzilani! Ulikuwa na ukweli mkononi, umepimwa kwa futi na kupigiliwa misumari, ukauacha ukakimbilia uongo mdogo wa mkobani. Na uongo huo umefanya nini? Umempa Githae ruhusa ya kuchonga muhuri mwingine. Jumatatu atakuwa na muhuri halali machoni pa kila mtu, na wewe utakuwa yule aliyepoteza wa kwanza. Umefunga mlango wa mbele ukawapa ufunguo wa nyuma.

Kwa hivyo leo, si kesho, mpigie Githae. Usizunguke. Mwambie, "Muhuri ninao, nilikudanganya, naomba msamaha, na bado sitasaini." Atapiga kelele. Mwache apige. Msamaha unaombea uongo, huombei msimamo, na usikubali avichanganye.

Halafu itisha mkutano wa kikundi kabla ya Jumatatu. Usiufanyie kanisani wala kwa nyumba ya mtu. Ufanyie kwenye stesheni yenyewe, chini ya zile ngazi, mbao za Mutie zikiwepo. Msimamizi wa stesheni umwandikie barua ya kumwalika, na Ronny umwalike kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri kuwa imepokelewa. Watu wa makaratasi huogopa karatasi. Kwa ile picha uliyopiga, usijifiche: sema uliipiga, na sema kwa nini. Mtu akiombwa sahihi ana haki ya kuona anachosaini, na aliyekuficha ndiye wa kujieleza kwanza.

Wewe umekuwa ukiamini una njia mbili, usaini au ukatae. Iko ya tatu. Ule ukurasa ujazeni kwa ukweli. Kama mmeshauriwa mkakataa mchoro, andikeni hivyo, na vipimo, na mnachotaka, kila mmoja aweke jina lake. Mfuko ambao una ukurasa mzima wa kuuliza watu wenye ulemavu wanasemaje, bila shaka kuna mtu huko anayesoma majibu. Na kama hakuna, mtakuwa mmemlazimisha aanze.

Huyo Githae na nusu shari yake, muulize swali moja: zege likishamwagwa, nani atarudi kulivunja? Ruzuku haitolewi mara mbili kwa ngazi zilezile. Rampu mbaya itakaa hapo miaka hamsini, na kila utakapolalamika utaambiwa, mlishauriwa, sahihi yenu hii hapa. Afadhali ngazi tisa ambazo kila mtu anaziona ni ngazi.

Na mama yako mpigie usiku wa leo. Ana hofu, hana ubaya. Lakini mwambie umeshaamua.

Wakikuita mkorofi, itika.


NZILANI ANAANDIKA TENA, WIKI TATU BAADAYE

Shangazi, matokeo nayasema kwanza usihangaike. Mchoro umebadilishwa, rampu sasa inapinda mara mbili nyuma ya ghala la zamani na ni ndefu vya kutosha, mlango wa choo unafungukia nje, mstari wa fimbo ya Okello umo, na fomu ilipelekwa Ijumaa saa tisa alasiri. Ruzuku bado hatujui kama tutapewa. Tukikosa tutaomba tena.

Githae nilimpigia siku ileile. Alinikatia simu. Lakini Jumapili baada ya kanisa alikuja stesheni, uso umekunjamana, tukawa watu kumi na wanne. Msimamizi alikuja, na Ronny akaja kwa sababu msimamizi alikuja. Mutie alikuwa ameleta mbao, lakini kabla hatujazigusa Okello akainua fimbo yake.

"Mimi nimeambiwa kuna ukurasa wa kumi na saba," akasema. "Siuoni. Nisomee."

Ronny akauchukua ukurasa, akaanza.

"Hapana," Okello akasema. "Huwezi kunisomea katikati. Anza na wa kwanza."

Watu walicheka, lakini Okello hakuwa anacheka. Ronny akamtazama msimamizi, msimamizi akatazama reli. Akaanza kusoma. Alisoma barua ya mwenye ardhi, akasoma habari za mawe na paa, jua likituchoma, hakuna aliyeondoka. Alipofika ukurasa wa tisa, kwenye masharti ya mfuko wenyewe, akasoma kwa sauti kwamba mwinamo wowote uwe ule ambao mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuupanda peke yake bila kusaidiwa. Akasimama hapo. Akausoma ule mstari tena polepole, safari hii kwa ajili yake mwenyewe.

Githae ndiye aliyedakia. Alipiga gongo lake chini.

"Haiya! Kwa hivyo hata wewe hukuwa umesoma? Na mimi nimemtukana huyu mama wiki nzima!"

Akanigeukia mbele ya wote akaniomba msamaha, nami nikamwomba wangu tena, na huo muhuri mpya akasema utabaki kwa fundi anayeuchonga.

Ronny akafunga faili. Jasho lilikuwa linamtoka. Akasema basi, imetosha, amekubali makosa, ataongea na injinia kesho asubuhi mchoro ubadilishwe, hakuna haja ya kuendelea.

Okello alikuwa bado amekaa, fimbo katikati ya magoti.

"Umebakisha kurasa kumi na tatu," akasema. "Soma."